Mama Mkwe na Ukurasa wa Kiholanzi

Mama mkwe wangu aliniagiza kijitabu cha mazishi yake mwenyewe huku akichagua mawe kwenye maharagwe. Hakuwa mgonjwa wa kitandani, ingawa moyo ulikuwa umeanza kumsumbua na miguu ilikuwa ikivimba kila jioni. Alisema tu, bila kuinua macho, "Makoti, wewe si ndiye unayewatengenezea watu vile vijitabu? Changu nitengenezee sasa. Nataka nikione kwa macho yangu, maana siku yenyewe sitakiona."

Makoti ndivyo Wazulu wanavyomwita mke wa mtoto wao. Nimeitwa hivyo tangu nilipoingia nyumba ile ya Soweto nikitokea Morogoro, nimeolewa na mmoja wa vijana wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi kwetu uhamishoni, na ambao nchi yao ilipofunguka walirudi na wake wasiojua hata kuomba maji kwa Kizulu. Sasa nina mvi na Kizulu ninakijua mpaka cha kugombana, lakini bado ni makoti. Kwetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, ugeni ndio haukuisha.

Kwa hiyo aliposema "changu nitengenezee", moyo uliniruka. Miaka yote ile alikuwa ameniomba nioshe, nipike, nimsindikize kliniki, kazi ambazo binti yake angeweza kuzifanya vilevile. Hii ilikuwa ya kwanza ambayo ni mimi tu ningeweza. Nilitaka nimpe kitu ambacho kingenifanya nihesabiwe mle ndani. Nalisema hili mapema ili msinishangae kwa jinsi nilivyokasirika baadaye.

Duka langu liko Yeoville, mtaa wa Johannesburg, limebanwa kati ya saluni ya dada wa Kikongo na fundi cherehani wa Bukavu. Nina kompyuta, printa, na kiti ambacho sikikalii sana kwa sababu sina tabia ya kutulia. Kadi za harusi napata, vitabu vya nyimbo vya makanisa napata, lakini mkate wangu ni vijitabu vya mazishi. Mazishi mengi hapa hufanyika Jumamosi, na kila mwombolezaji hupewa kijitabu: jalada lenye picha ya marehemu, ndani ratiba ya ibada, wasifu wake, na nyimbo. Mteja huchagua nini kiwe nyuma ya picha. Kuna mawingu ya buluu, kuna njiwa, kuna ngazi ya kupanda mbinguni, kuna lango la dhahabu. "Mama, utie foto mukubwa, batu bamuone," huniambia Wakongo, nami naitia, naizungushia mawingu. Nilikuwa nimewapandisha watu mawinguni mpaka nimechoka mimi.

Katika uchovu huo ndimo alimonikuta Mholanzi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, msanifu wa vitabu aliyekuja kufundisha kazi hiyo kwenye chuo kimoja cha mjini, na siku za mapumziko alizunguka akikusanya vitu vilivyochapwa mitaani. Aliingia dukani akaomba nakala za zamani za vijitabu vyangu. Akavifungua kimoja kimoja kwenye kaunta. "Hiki kizuri," akasema. "Hiki kibaya. Hiki kibaya sana." Alisema kibaya kama watu wengine wanavyosema habari za asubuhi, halafu akaniuliza jina, na tangu hapo akaniita hilo jina tupu, bila mama, bila dada, bila chochote.

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikamwuliza kibaya kwa nini.

"Kwa sababu umeogopa," akasema. "Kila mahali palipobaki wazi umepajaza."

Hilo liliniuma, na kilichoniuma zaidi ni kwamba lilikuwa kweli.

Akaanza kuja Jumatatu, siku ambayo duka langu hulala. Alileta vitabu vya kwao ndani ya begi la baiskeli na kuniwekea mezani nikishafuta vumbi. Sijui niseme nini juu ya vitabu vile. Kimoja hakikuwa na gamba mgongoni, ulikuwa unaona uzi ulioshona kurasa, mweusi juu ya karatasi nyeupe, bila aibu. Kingine jalada lake lilikuwa jeupe lote, na jina la kitabu limekaa chini pembeni, dogo. Lakini mkono ukikishika hautaki kukiachia. Ndani maneno yalianza yote kwenye mstari mmoja kushoto na kuishia kulia popote yalipochoka, na nafasi kubwa nyeupe imeachwa bila kuombewa radhi. Nilivipenda mpaka nikavionea wivu.

Nilimwuliza inakuwaje watu wazima wakapenda vitu vitupu namna hii. Akanieleza kwao. Sehemu kubwa ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari; waliisukuma bahari wakapata ardhi, na ili ardhi isizame wakaichimbia mifereji iliyonyooka. Ukiitazama kutoka kwenye ndege, akasema, ni safu na safu, kila shamba na ukingo wake, na katikati maji. Akanichorea kwenye karatasi chakavu, kisha akaweka ule mchoro kando ya ukurasa wa kitabu. Nikaona ni kitu kilekile. Mtu anayekulia hapo, akasema, mstari uliopinda humsumbua kama kokoto ndani ya kiatu. Na tena, bahari haijali wewe ni nani. Ukuta unaozuia maji ukibomoka, tajiri na maskini huzama pamoja, kwa hiyo waliizoea mikutano mirefu ya kukubaliana, na hawapendi mtu anayepaza sauti kuliko wenzake. Herufi nazo vivyo hivyo. Jina la mwandishi halipigi kelele.

Akanieleza makanisa yao, jinsi mababu walivyotoa sanamu zote wakapaka kuta chokaa, likabaki neno peke yake kwenye weupe. Akanieleza nyumba zao, ambazo dirisha la sebuleni ni kubwa na wengi hawaweki pazia, taa inawaka ndani, mpita njia anaona mpaka sahani zilizoko mezani. Ndiyo maana hata kitabu hakifichi uzi wake. Nikamwuliza kwani kwao hakuna wezi. Akacheka, akasema wapo, ila ni aibu kubwa zaidi kuonekana una cha kuficha.

Hata umbo la herufi lilikuwa na habari yake. Wachapaji wa zamani wa kwao walikuwa wafanyabiashara, na karatasi ilikuwa ghali, basi herufi ikabanwa mbavu ili maneno mengi yaingie, lakini ikaachiwa tumbo pana ili jicho lisiteseke. Hiyo niliielewa bila kuelezwa mara mbili. Ndivyo mimi na mume wangu tunavyoishi Berea, mtaa wa jirani: chumba kimoja, na ndani yake jiko, kitanda, cherehani na ndoa. Akasema serikali yao nayo huwapa wasanifu kazi ya kufikiria stempu, fomu, hata barua za kodi, kwa hiyo mtoto wa kwao hukua akidhani herufi nzuri ni haki yake kama maji ya bomba. Mimi nikakumbuka maji ya bomba ya jengo letu.

Lakini hakuwa mtu wa kujisifu, hilo nampa. Siku moja alinikuta nimeshaanza kuhubiri habari ya mifereji kwa fundi cherehani wa jirani, akanikatiza. "Usiiamini sana," akasema. "Sisi wenyewe tunapenda kuisimulia kwa wageni. Wapo Waholanzi wenye vitabu vyenye fujo kama soko." Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, nami nilikuwa nimeshaipangisha.

Nikamwuliza pia kuhusu meli zao. Maana Waholanzi hawakukaa tu kwao wakinyoosha mifereji. Walikuja huku Kusini, na lugha yao ikazaa lugha ambayo mpaka leo iko kwenye kibao cha lifti iliyokufa ya jengo letu. Akafunga kitabu kilichokuwa mezani. Kisha akasema, "Ndiyo. Karatasi nyeupe nayo ilinunuliwa na pesa za mahali fulani." Halafu na yeye akaniuliza: "Na ukurasa wako wewe, unatoka kwenye ardhi gani?"

Swali lile lilinikera kupita kiasi. Nilitembea nalo kutoka Berea hadi Yeoville, nikivuka kwenye robot, yaani taa za barabarani, bila kuziangalia. Ardhi gani? Morogoro, ambako niliondoka nikiwa msichana? Soweto, ambako mimi ni makoti? Yeoville, ambako jirani zangu wote nao wametoka mahali pengine? Watu wengine wana bahari ya kusukuma. Mimi nilikuwa na mawingu ya kununua kwenye kompyuta.

Basi nikaamua kwamba kijitabu cha mama mkwe hakitakuwa na wingu hata moja. Nitamfanyia kitu ambacho hakuna mtu Soweto nzima amewahi kupewa.

Wasifu ulitumwa kwenye simu na wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeishi na mama yake. Aliuandika vizuri, kwa Kizulu safi: alipozaliwa mama, kazi za ndani alizofanya kwenye nyumba za wazungu, miaka ya kumsubiri mtoto aliye uhamishoni, sare yake ya akina mama wa kanisani. Mwisho aya ya wale anaowaacha: watoto wake, wajukuu wake, wadogo zake. Niliupanga kwenye safu moja nyembamba, nikaacha weupe mkubwa kulia. Jalada likawa jeupe. Chini kushoto, jina lake kwa herufi ndogo nene zenye tumbo. Picha nikaiweka jalada la nyuma, ukubwa wa picha ya kitambulisho.

Lile jina nililisogeza juu, nikalirudisha chini, nikaenda kununua mkate, nikarudi nikalisogeza tena. Sikuweza kula nikiwa nimekaa. Mume wangu alikuja kunichukua dukani akasimama nyuma yangu akitazama kioo cha kompyuta. Kiswahili chake ni cha Morogoro, alichojifunza na vijana wa huko, na hadi leo hutuchekesha.

"Mama watoto," akasema, "hii kitu inanikumbusha ofisi ya pasi."

Pasi ni kile kitabu ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba zamani ili waruhusiwe kukanyaga mji wao wenyewe.

"Ni nyeupe, imenyooka," akaendelea. "Unaingia, unasimama kwenye foleni, unangoja mtu akuite. Hakuna mtu."

Nikamwambia asiniletee siasa kwenye kazi.

"Eish. Siasa," akasema, akaenda kumsalimia fundi cherehani.

Nakala ya kwanza niliipeleka kwa mchapaji wangu wa Fordsburg, Mwislamu mwenye roho nzuri anayechapa kadi za nikaha na menyu za mikahawa. Nilitaka karatasi nzito isiyong'aa. Alinipigia simu mchana. "Dada, jalada lako lilikuja bila picha. Nadhani faili limeharibika. Usiwe na wasiwasi, nimeshalitengeneza." Nikaenda mbio. Alikuwa ameweka njiwa wawili na miale ya jua, bure, kwa kunihurumia, maana alijua ni mama mkwe. Ilinibidi nimweleze kwamba weupe ule ni wa makusudi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa biryani isiyo na nyama ni ya makusudi. Akachapa.

Jumapili nikaenda Soweto na kijitabu kimefungwa kwenye karatasi laini. Mama mkwe alikuwa sebuleni, kwenye kochi lake, miguu juu ya kigoda. Mimi nikakaa mahali pangu, kiti cha karibu na mlango wa jikoni, ndiko makoti hukaa ili asikie sufuria. Akakifungua. Akapitisha kiganja kwenye jalada, na nikaona kwamba karatasi imempendeza. Akageuza mbele na nyuma.

Akainuka, akijisukuma kwa mikono, akaenda kwenye kabati la vioo. Kila nyumba ya rika lake ina kabati la namna ile, la glasi na vikombe vya Krismasi. Akafungua mlango wa kioo, akasimamisha kijitabu humo, akafunga. Akarudi kwenye kochi, akaketi, akatazama.

"Sionekani," akasema.

Nikamwambia jina lake liko pale, chini. Nikamweleza kwamba huu ndio usanifu wa kisasa, kwamba watu wa Uholanzi, wanaojua vitabu kuliko karibu watu wote, hawapigi kelele kwenye jalada. Nikamweleza weupe ni heshima. Nikaeleza mpaka mifereji. Nilikuwa nimekasirika, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia naomba.

"Makoti," akasema, "njoo hapa. Kaa."

Alikuwa anapapasa kochi kando yake. Sikuwahi kukaa pale. Si kwamba nilikatazwa. Hakuna aliyenikataza, ila miaka yote mahali pangu palikuwa kile kiti, na kile kiti kiko ukuta mmoja na kabati. Kutoka pale huoni kioo, unaona ubavu wa mbao tu. Vumbi lake nilikuwa nimelifuta mara nyingi, kwa haraka, macho kwenye kitambaa.

Nikakaa. Na kwa mara ya kwanza niliwaona. Baba mkwe, ambaye alikufa kabla sijaja, katika koti la kazini. Kaka mkubwa wa mume wangu. Dada yake mama mkwe, amevaa kofia. Vijitabu vyao vimeegemezwa kwenye vikombe, nyuso zimetugeukia, na nyuma ya kila uso mawingu. Wale wote walikuwa wanatutazama. Kati yao kulikuwa na kipande cheupe, kama mahali ambapo picha imeng'olewa ukutani.

"Asubuhi nikifungua mapazia, nawasalimia," mama mkwe akasema. "Huyo namweleza bei ya mkate. Huyo nagombana naye. Sasa mimi nitakuwa pale, na mjukuu atakaa hapa. Atamsalimia nani?"

Kwa nini nilikuwa sijui hilo? Nilikuwa nimetengeneza vijitabu vya watu wengi sana, na siku zote nilidhani kazi yangu huishia makaburini. Nilikichukua changu kabatini nikatoka bila kunywa chai, na sikuwa na uhakika ninamkasirikia nani.

Jumatatu Mholanzi alipokuja nilikuwa nimeshampangia swali. Nilimwuliza: kwenu, mtu akifa, mnamweka wapi?

Hakuelewa. Nikamweleza kabati. Alisikiliza vizuri, kisha akasema kwao hutuma kadi kwa posta, kwenye bahasha yenye ukingo wa kijivu. Inaangukia ndani kupitia tundu la mlango, na ukiuona ule ukingo unajua kabla hujaisoma. Unaisoma umesimama. Akasema anayo moja, ya mama yake. Aliitengeneza mwenyewe.

Alikuwa nayo palepale begini, ndani ya jalada la sampuli anazowaonyesha wanafunzi. Nilikuwa sijawahi kuona kadi nzuri kama ile. Nyeupe, jina, miaka, mstari mmoja wa maneno, na kila kitu kimekaa mahali ambapo hakingeweza kukaa kwingine. Nilisema hivyo, na nilimaanisha.

"Na huwa inasimama wapi?" nikauliza.

"Haisimami. Huwa iko humu."

"Mama yako alikuwaje kwa sura?"

Akatoa simu. Akapekua, akapekua, picha za vitabu, picha za vibao vya mitaa ya Johannesburg, picha za vijitabu vyangu. Masikio yake yakawa mekundu. Nikamwambia aache, si lazima, nikaenda kumnunulia kahawa kwa dada wa saluni, ambaye huiuza pia, nikachelewa makusudi. Niliporudi alikuwa ameiweka simu mezani, na kwenye kioo chake kulikuwa na mwanamke mwenye uso mpana, anacheka, jua machoni. Hatukuzungumza juu ya herufi siku ile. Aliniambia jinsi mama yake alivyokuwa akiteleza kwenye mfereji ulioganda, akiwa mtu mzima kabisa, na sketi.

Kadi yake haikuwa mbaya, na nisieleweke vibaya, mpaka leo ningetoa vijitabu vyangu vyote ili niwe nimeitengeneza mimi. Ilikuwa imetoka kwenye nyumba yenye tundu la barua na mtu anayesoma amesimama mlangoni peke yake. Mimi kazi yangu inatoka kwenye kochi la mtu, na ng'ambo yake kabati. Alikuwa ameniuliza ardhi gani, nami nilikuwa nimetafuta mbali mno.

Nilianza upya. Safari hii picha nilikwenda kumpiga mwenyewe, mama mkwe katika sare yake ya kanisani, blauzi nyekundu na kola nyeupe. Uso nikauachia jalada zima, kutoka ukingo hadi ukingo, bila pambizo. Ndani sikugusa: safu nyembamba, mstari ulionyooka kushoto, herufi zenye tumbo. Mahali pa tarehe ya mwisho nikapaacha wazi. Mchapaji wa Fordsburg alipoona uso akashusha pumzi, akasema, alhamdulillah.

Mama mkwe alikipokea, akakisimamisha kabatini, akaketi. Alijitazama muda mrefu.

"Mawingu yako wapi?"

"Ma, mawingu ni ya njiani. Wewe utakuwa umeshafika."

Alicheka mpaka akakohoa. Wifi yangu alitoka jikoni, akaona mama yake aliye hai amepangwa na marehemu, akashika kichwa. "Hawu, Ma, unajiitia kaburi." Akakataa kukigusa, wala kukisoma. Alisema ule ni mkosi, na kwamba maneno ya ndani anayajua kwa kuwa ameyaandika yeye. Akarudi jikoni.

Mama mkwe akakitoa kabatini, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa kidole. Alisoma yote, midomo ikitembea. Akafika aya ya mwisho, ya wale anaowaacha. Kidole kikashuka, kikapanda, kikashuka tena.

"Wewe uko wapi?" akasema.

Nikamwambia mimi ni makoti, niko ndani ya mwanawe. Nikamwambia nimepanga kama nilivyoletewa, na isitoshe aya imeisha vizuri, imejaza ukurasa mpaka mstari wa mwisho.

"Sikuuliza aya. Nimeuliza wewe uko wapi."

Akaniambia nichukue kalamu, akanisomea maneno ya kuongeza, taratibu, kana kwamba anaagiza kitu dukani: *na binti yake aliyetoka Tanzania.* Kisha akaniambia chai imepoa, nikaipashe.

Kesho yake nilifungua faili nikaongeza yale maneno, na ukurasa ukafurika. Neno moja, la mwisho, lilibaki bila nafasi, likarukia ukurasa unaofuata, likakaa juu kabisa peke yake, na weupe chini yake. Katika kazi yetu hilo ni kosa ambalo hata mwanagenzi huona aibu kuliacha. Lilikuwa jambo dogo kulirekebisha, ningepunguza nafasi kidogo tu kati ya mistari. Nilijaribu, likaingia, nikaangalia. Nikalirudisha lilipokuwa. Sikutaka kubanwa mbavu ili nitoshe.

Alifariki majira ya baridi, usingizini, na mazishi yakawa Jumamosi kama ya watu wote. Hema lilijaa, akina mama wa blauzi nyekundu safu za mbele, kila mtu na uso wa mama mkwe mkononi. Mimi nilisimama pembeni na akina mama wa sufuria. Msomaji wa wasifu alikuwa wifi yangu, ambaye maneno yale alikuwa hajayasoma tangu alipoyaandika. Alisoma bila kutetemeka, na watu wakafuata kwenye vijitabu vyao. Akafika kwa watoto, kwa wajukuu, kwa wadogo zake. Akaanza kushusha karatasi, kisha akaona mstari umeendelea.

"Na binti yake," akasoma, polepole sasa, "aliyetoka..."

Ukurasa ukamwishia. Hema lote likageuza karatasi pamoja naye, ule mchakacho wa karatasi nyingi kwa wakati mmoja. Aliinua macho akanitafuta pembeni mpaka akaniona. Halafu akalisoma lile neno, kwa sauti, likiwa peke yake.